Mpango wa Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu: Nani Anaufuatilia?

Ndugu walimu wakuu, walimu wa vitengo vya elimu maalumu, maafisa elimu kata na wazazi mliofika, habari za asubuhi.

Nianze na fomu, maana wengi wenu mmezijaza. Mpango binafsi wa kujifunza huandikwa siku moja kwa bidii, ukagongwa mhuri, ukaingia kabatini. Wakaguzi wakija, unatolewa. Mwalimu wa Hisabati hajawahi kuuona, mama wa mtoto hajui unasema nini, na zahanati iliyompima masikio inangoja majibu tangu muhula uliopita. Watekelezaji wametajwa watano, mfuatiliaji hakuna.

Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, mwalimu mkuu amteue mratibu kwa barua. Awe mwalimu wa elimu maalumu kama yupo. Kama hayupo, mwalimu wa darasa. Mwalimu mkuu mwenyewe asijiteue, kwa sababu kila wiki anaitwa halmashauri. Barua hiyohiyo imtaje na msaidizi, kwa kuwa uhamisho hauna hodi: mwalimu akiondoka katikati ya mwaka na kila kitu kiko kichwani mwake, mtoto anaanza upya. Kazi ya mratibu ni kutunza faili, kuitisha vikao na kudai kilichoahidiwa. Kufundisha kunabaki kwa kila mwalimu wa somo, na hili lisemwe mapema, vinginevyo mtoto atageuka kuwa "mtoto wa mwalimu fulani".

Wiki mbili za kwanza ni za kukusanya taarifa. Mwalimu wa darasa aandike anachokiona, asiandike jina la ulemavu. "Ana usonji" ni kauli ya mtaalamu. Ya mwalimu ni hii: "Akiitwa kutoka nyuma, mara saba kati ya kumi hageuki." Macho na masikio yachunguzwe kabla ya kumwita mtoto yeyote mzito wa kuelewa. Chati ya herufi E hutundikwa mita 6 kutoka kwa mtoto, jicho moja likizibwa kwa zamu. Masikioni mtazame usaha na nta. Akihitaji kwenda hospitali, karatasi ya rufaa iwe na kipande cha chini cha kukata, ambacho daktari atakijaza kwa ajili ya shule: mtoto akae wapi darasani, atumie kifaa gani, arudi lini. Bila kipande hicho, majibu hubaki kwenye daftari la hospitali, na mzazi hurudi na neno moja tu: "Wamesema ataendelea vizuri."

Kikao chenyewe kisizidi dakika 45. Mzazi aanze kusema, na aanze na yale mtoto anayoyaweza nyumbani. Mtoto akiweza kueleza nafsi yake, naye aitwe, walau kwa dakika kumi. Malengo yasizidi matatu kwa muhula. Najua fomu zina nafasi ya kumi, ziacheni wazi. Darasa lenye watoto 80 halibebi malengo kumi ya mtoto mmoja, na mwalimu akiona hawezi yote, hufanya hakuna.

Lengo liseme mtoto yuko wapi leo na atapimwaje. "Aboreshe kusoma" halipimiki. Andikeni: "Sasa anasoma silabi 4 kati ya 10 za ba, be, bi, bo, bu na ma, me, mi, mo, mu. Kufikia mwisho wa Machi asome 8 kati ya 10, katika siku tatu tofauti." Siku tatu, kwa sababu siku moja inaweza kuwa bahati. Pembeni ya lengo kuwe na jina la mtu, siku, saa na mahali. "Walimu watamsaidia" maana yake hakuna atakayemsaidia.

Sasa tumchukue mtoto wa darasa la tatu aliyepewa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi hukatika, na hukatika kwa vitu vidogo. Betri za vifaa vingi hivi huanza kufanya kazi zinapopata hewa: ukibandua kile kikaratasi chake, zinaanza kuisha hata kama kifaa hakivaliwi, na kukirudisha hakusaidii kitu. Zinadumu kama wiki moja hadi mbili. Mpango usioandika nani ananunua betri, wapi, na nani anazitunza shuleni, una uhai wa wiki mbili. Baada ya hapo mtoto huvaa kifaa kilichokufa, na kwake ni kama ameziba sikio. Halafu anaambiwa hasikilizi.

Kila asubuhi mratibu au mwalimu wa darasa akipime kwa dakika mbili. Asimame mita moja, afunike mdomo kwa karatasi bila kuzuia sauti, atamke moja moja: a, i, u, m, sh, s. Mtoto arudie au anyooshe mkono. Akikosa zote, anzeni na betri, kisha mwangalie nta iliyoziba. Akikosa "s" na "sh" tu, kifaa kinahitaji kurekebishwa na mtaalamu, na hiyo inaandikwa na tarehe. Kikipiga mluzi, mara nyingi kile kipande cha ndani ya sikio hakikuingia sawasawa au kimekuwa kidogo. Mtoto anakua, sikio nalo linakua, kwa hiyo tarehe ya kutengenezewa kipya iwemo kwenye mpango tangu mwanzo. Pwani, kwa Tanga na Dar es Salaam, ongezeni jasho na unyevu: usiku kijifuniko cha betri kiachwe wazi, na kifaa kiwekwe kwenye kikopo chenye vifuko vya kufyonza unyevu.

Na kifaa hukuza kila sauti, hata ya mvua kwenye bati. Mtoto akae mita moja au mbili kutoka kwa mwalimu, na mwalimu asizungumze akiwa ameuelekea ubao. Hili la ubao halina gharama yoyote, na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Kwa mtoto mwenye ualbino, la kwanza ni mwanga na ukubwa wa maandishi: akae mbali na mng'ao wa dirisha, aruhusiwe kuusogelea ubao, apewe nakala ya kazi badala ya kunakili. Kwa mwenye kifafa, saa ya dawa na siku za kliniki ziandikwe, na kila mwalimu ajue kumlaza ubavu, kutotia chochote mdomoni, na kumkimbiza hospitali degedege likipita dakika tano. Taarifa za dawa zikae kwenye kabati lenye kufuli. Hazitangazwi paredini.

Kila wiki mbili mratibu apite kwa walimu kwa dakika kumi na swali moja: lipi limefanyika, lipi halikufanyika, kwa nini? Lisilofanyika mara mbili mfululizo libadilishwe. Kikao kamili kiwe mara moja kwa muhula. Afisa ustawi wa jamii aitwe kukiwa na jambo lake, kama njaa, malezi au nauli ya kliniki. Mkimwita kila mara hatakuja siku mnayomhitaji.

Mwisho ni mitihani. Maelekezo ya Baraza la Mitihani yamekuwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wapo wanaoandaliwa maandishi makubwa au nukta nundu. Hayo hutegemea mahitaji ya mtoto kuonekana wakati wa usajili, kwa hiyo mratibu akae na anayesajili na kuikagua orodha kabla haijatumwa. Majaribio ya shule nayo yafuate muda huohuo, maana asiyewahi kuzoea dakika za nyongeza huzimaliza akiwa amekaa. Na kwa mtoto anayemaliza shule ya msingi, nakala ya faili apewe mzazi mkononi kabla shule haijafungwa, kwa sababu siku hiyo hakuna anayejua mtoto atapangiwa sekondari ipi.

Karibuni maswali.