Kwani Dona Nalo Linapandisha Sukari?

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Leo nina ujumbe wa msikilizaji wetu wa Morogoro. Ana kisukari. Asubuhi kabla ya kula anapima sukari ya damu anapata 6.1. Mchana anakula ugali wa dona, maharage na mchicha, akipima tena anakuta 13.4. Sukari kwenye chai aliacha zamani. Anauliza hiyo inatoka wapi.

MPWA: Inatoka kwenye ugali.

SHANGAZI: Dona?

MPWA: Dona, shangazi. Na ulezi, na mtama, na muhogo. Watu wakishabadilisha unga wanaona wamemaliza kazi. Kweli dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini wanga bado umo, na wanga ukifika tumboni unavunjwa kuwa glukozi. Mlima wa dona unaweza kukupandisha kuliko kipande kidogo cha sembe.

SHANGAZI: Na huo mlima naujua. Kwetu mgeni akiandaliwa ugali mdogo, ataondoka anasema mwenyeji mchoyo. (Kicheko.) Lakini mbona wewe unaula na hupandi?

MPWA: Napanda pia, ila kidogo, tena nashuka haraka. Kongosho langu linaanza kumwaga insulini dakika chache tu nikianza kula. Kwako wewe mwenye kisukari cha aina ya 2, insulini hiyo ya mwanzo ni hafifu na inachelewa. Halafu kuna ini. Lilitakiwa lipunguze kutoa sukari yake ya akiba chakula kinapoingia, lakini lenyewe linaendelea tu kumwaga. Ndiyo maana namba ya asubuhi inakuwa nzuri, ya mchana inakutisha.

SHANGAZI: Haya, alipima baada ya muda gani? Maana hajasema.

MPWA: Hilo ni la muhimu sana. Kipimo cha baada ya kula ni baada ya masaa mawili, na hayo yanahesabiwa tangu tonge la kwanza, siyo tangu umenawa mikono ukamaliza. Akipima baada ya saa moja au moja na nusu, huenda amekutana nayo ikiwa juu kabisa. Watu wazima wengi huambiwa ibaki chini ya 10. Mjamzito kiwango chake ni cha chini zaidi, na mzee ambaye sukari humshuka mara kwa mara, daktari humlegezea. Namba zetu hizi ni za mmol/L; mashine ikikuandikia kwa kipimo kingine, mg/dL, mfano 180, gawanya kwa 18, utapata hiyo 10.

SHANGAZI: Na anawe kwa sabuni kabla ya kujitoboa. Ukimenya embe ukatoboa kidole hicho hicho, umepima embe. Sasa stripu za kupimia ni ghali, baba, hatuwezi kupima kila mlo.

MPWA: Achague mlo mmoja tu. Apime kabla ya kula, na masaa mawili baadaye. Aangalie imepanda kwa kiasi gani. Siku nyingine ale chakula kile kile, abadilishe kitu kimoja, apime tena.

SHANGAZI: Abadilishe nini? Usiseme "punguza ugali," hiyo kliniki wametuimbia mpaka masikio yamechoka.

MPWA: Basi nasema ongeza mchicha. Ujaze nusu sahani, ugali ubaki robo. Na aanze na mboga na maharage.

SHANGAZI: Hapo ndipo mnapotuchanganya. Ugali haushuki wenyewe, tonge linakwenda na mboga yake.

MPWA: Nakubali, kwa mla ugali ushauri huo umekaa kigeni. Lakini hata vijiko vitano vya mchicha na maharage kabla ya kukata tonge vinasaidia, kwa sababu wanga unaofuata nyuma unafyonzwa taratibu. Akimaliza kula atembee dakika 10 au 15. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu.

SHANGAZI: Saa saba mchana, na jua hilo?

MPWA: Basi aoshe vyombo, afagie kivulini. Mradi asijilaze.

SHANGAZI: Mimi nina lingine. Zege. Nikila chipsi mayai, masaa mawili baadaye namba ni nzuri kabisa.

MPWA: Pima baada ya masaa manne uniambie. Mafuta yanachelewesha chakula tumboni, kwa hiyo sukari inapanda wewe umeshaweka mashine kabatini.

SHANGAZI: Mmh! Umeniharibia Ijumaa yangu.

MPWA: (Anacheka.) Ila jamani, anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge kinachosukuma kongosho kutoa insulini, asikate ugali ghafla bila kuongea na kliniki. Dawa itabaki ile ile, chakula kimepungua, atashuka chini ya 4, atetemeke na kutoka jasho. Na wale wa insulini ya mchanganyiko, ya 30/70, kwa kawaida huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Wengi wanachoma sahani ikiwa mezani, halafu wanaulaumu ugali.

SHANGAZI: Basi wewe wa Morogoro, tuandikie tena. Ulipima muda gani baada ya tonge la kwanza, na dawa gani unatumia? Tukishajua hayo ndipo tuuhukumu huo ugali wako.