Mhakiki na Makala Inayomuudhi

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa uzamili, na wageni wetu mliopambana na foleni ya Ubungo hadi kufika hapa Mlimani, asanteni kwa kuja. Nimekuja na jambo moja kwa sisi tunaohakiki makala za majarida kabla hazijachapishwa: makala inayokuudhi ina haki ileile ya kusomwa kwa makini kama inayokufurahisha.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1977, mwanasaikolojia wa Marekani Michael Mahoney aliwapelekea wahakiki 75 wa jarida moja miswada ya utafiti. Mbinu ilikuwa ileile. Kilichobadilishwa ni matokeo. Waliopata matokeo yanayounga mkono msimamo wao waliisifu mbinu. Waliopata kinyume chake waliiponda mbinu hiyohiyo. Linaloniuma zaidi ni hili: katika miswada hiyo kulikuwa na kosa dogo lililoingia bila kukusudiwa. Wengi waliochukizwa na matokeo waliliona. Waliofurahishwa, wengi wao liliwapita. Hawakuwa watu waovu hata kidogo. Walikuwa wasomi kama sisi.

Tuje nyumbani. Kabla ya Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali baada ya kujifungua. Suala hili bado linatugawa. Ukiletewa makala juu yake, unaanza kusoma wapi? Wengi tunaanza na ikisiri, kisha tunarukia hitimisho. Hapo umeshachagua upande, na wasichana 40 waliohojiwa watakuwa "wachache mno" au "wanatosha kabisa" kulingana na moyo wako unakoegemea.

Mimi naanza na mbinu, na naandika maoni yangu juu yake kabla sijafika kwenye matokeo. Jarida la Cortex limekwenda mbali zaidi: tangu 2013 linapokea swali na mbinu kabla data haijakusanywa, na likiridhika linaahidi kuchapisha matokeo yoyote yatakayopatikana. Natamani majarida yetu yaige, hasa kwa mada zinazochoma.

Sisemi tulegeze kamba. Makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya 1998 iliyohusisha chanjo na usonji, na iliyotegemea watoto 12 tu, ilipita, na jarida la tiba lililoichapisha, The Lancet, likaja kuifuta 2010. Watoto waliokosa chanjo katika miaka hiyo ndio walioumia.

Halafu tusijidanganye kuhusu kumficha mhakiki jina la mwandishi. Wanaotafiti ukeketaji nchini wanajuana. Ukisoma wilaya na aina ya dodoso, unamtambua mwandishi. Kama mnagombania ruzuku moja, mwandikie mhariri siku hiyohiyo na urudishe mswada. Kuukalia miezi sita ni kuukataa bila kutoa sababu, na anayeumia mara nyingi ni mhadhiri kijana anayesubiri kupandishwa cheo.

Na ninyi wahariri: mkipokea ripoti inayosema tu "mada hii haifai kwa jamii yetu", bila kutaja jedwali wala hoja yenye kasoro, irudisheni. Mwambieni mhakiki aonyeshe kosa liko ukurasa gani. Akishindwa, tafuteni mwingine.