Simba, Chui na Duma: Andika Jina la Kisayansi Bila Kukosea

Habari zenu, karibuni tena. Mezani nina picha tatu, daftari na kalamu. Nawe chukua daftari lako, tutaandika pamoja.

Hatua ya kwanza: panga picha kwa undugu. Wengi hapa huweka duma na chui upande mmoja, simba upande wa pili, kwa sababu ya madoa. Tazama vizuri. Huyu mwenye michirizi myeusi kama machozi, kutoka jichoni hadi mdomoni, ndiye duma. Madoa yake yamejaa weusi. Huyu mwenye madoa yaliyojipanga kama maua ndiye chui. Sasa fikiria sauti zao. Simba hunguruma, chui hunguruma, lakini duma hawezi; yeye hukoroma kama paka aliyelala mapajani mwako. Hata makucha yake huingia ndani kwa sehemu tu. Basi mtoe duma, msogeze chui kwa simba. Wanabiolojia hutafuta nasaba, na siku hizi hupima hata DNA. Rangi peke yake hudanganya.

Hatua ya pili: shuka ngazi za makundi ya viumbe, kutoka kundi kubwa hadi dogo. Andika himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Mammalia, oda Carnivora, familia Felidae. Mpaka hapo wote watatu wako pamoja, kwa hiyo tusikawie. Njia panda ni jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu: simba na chui wanaingia Panthera, duma anaingia Acinonyx. Kisha spishi, yaani aina yenyewe ya mnyama: leo kwa simba, pardus kwa chui, jubatus kwa duma.

Hatua ya tatu: unganisha jenasi na spishi. Panthera leo. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, bila kujali jina limetoka wapi. Ukichapa, tumia italiki, yaani herufi za mlazo. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari, na kila neno lipate mstari wake. Angalia kalamu yangu: nainyanyua katikati. Wanafunzi wangu huteleza hapa kila mwaka, wanavuta mstari mmoja mrefu kama wanachora barabara.

Ukilirudia jina, unaweza kufupisha: P. leo. Ila usianze na kifupi, maana P. inaweza kuwa Panthera, inaweza pia kuwa Puma.

Hatua ya nne ndiyo niipendayo: jina la mtu aliyempa mnyama jina la kisayansi, na mwaka. Panthera leo (Linnaeus, 1758). Hilo la mtu halipigiwi mstari. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeuzoesha ulimwengu majina haya ya maneno mawili, alimwandika simba Felis leo. Baadaye simba akahamishiwa Panthera, ndiyo maana Linnaeus yumo ndani ya mabano. Ukiona mabano kwenye jina la mnyama, jua amehamishwa jenasi.

Na duma? Acinonyx jubatus (Schreber, 1775). Naye ana mabano, kwani Schreber, mwanasayansi Mjerumani, alimwita Felis jubata. Umeona mwisho wa neno? Jubata imekuwa jubatus. Sisi waswahili hili halitupi shida: ni upatanisho. Kwa Kilatini Felis ni nomino ya kike, Acinonyx ni ya kiume, na kivumishi kimefuata nomino yake, kama sisi tunavyosema mti mrefu lakini kiti kirefu. Maana ya jubatus ni mwenye manyoya ya shingoni. Mtazame mtoto wa duma, utaelewa. Mkubwa hanayo ya kutajika.

Sasa simamisha video, uandike jina la paka wa nyumbani, jenasi Felis, spishi catus, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758.

Umemaliza? Felis catus Linnaeus, 1758. Kama umeweka mabano, yafute. Paka wetu yuko jenasi ileile aliyowekwa tangu siku ile.