Grafu ya mlinganyo wa mstari: nani kasema tutumie rula?

TICHA: Haya karibuni tena, leo tunachora. Chukua karatasi ya vijumba kama unayo, penseli, rula, maana hiki kipindi ukikisikiliza kwa masikio tu kitakupita.

DADA: Na mi kabla hatujachora chochote nina swali, ticha. Kila mahali wanasema tengeneza jedwali, weka nukta, unganisha kwa rula. Sawa. Ila nani kasema nitumie rula? Nimeweka nukta tatu tu, hapo katikati sijui kuna nini, kwa nini nisichore mawimbi?

TICHA: Aisee, umeanza na penyewe kabisa. Haya, tuchukue y = 2x + 1. Nipe y, x ikiwa 0.

DADA: 1.

TICHA: x ikiwa 1?

DADA: 3. Halafu 5, halafu 7, naona unakoelekea, inaongezeka mbili mbili.

TICHA: Sasa hiyo "mbili mbili" ndo rula yako. Kila ukisogea hatua moja kulia, unapanda mbili, popote ulipo, uwe mwanzoni uwe kule kwenye x = 1000 unapanda zilezile mbili. Na ukisogea nusu hatua unapanda moja. Jaribu x = 1.5.

DADA: Mbili mara moja na nusu ni tatu, jumlisha moja, nne. Ambayo iko katikati ya 3 na 5.

TICHA: Katikati kabisa. Kwa hiyo mawimbi hayana pa kuingilia. Sasa linganisha na y = x² uone: 0, 1, 4, 9. Ya kwanza unapanda 1, ya pili unapanda 3, ya tatu 5. Kupanda kunabadilika kila hatua, ukiweka rula hapo umeidanganya karatasi, ile lazima ipinde. Ndo maana kabla hujagusa rula unaangalia kwanza kama x na y ziko zenyewe tu, hazina kipeo cha pili, hazijazidishwa zenyewe kwa zenyewe, x haijakaa chini ya sehemu. Zikiwa hivyo, ni mstari nyoofu.

DADA: Na wengi wanaona lile jedwali ndo jibu na grafu ni mapambo.

TICHA: Kumbe jedwali ni sampuli tu. Mlinganyo kama huu una majibu yasiyo na mwisho, huwezi kuyaandika yote, ila unaweza kuyachora yote kwa mpigo mmoja. Kila nukta iliyo kwenye mstari ni jozi ya x na y inayokubali mlinganyo, na kila jozi inayokubali iko kwenye mstari, hakuna inayobaki nje. Hii habari ya kugeuza mlinganyo kuwa picha wanapewa sifa Wafaransa wawili, René Descartes aliyechapisha kazi yake mwaka 1637, na Pierre de Fermat aliyeifikia kivyake karibu kipindi hichohicho. Halafu kutumia x, y na z kwa namba tusizozijua, na a, b, c kwa tunazozijua, hiyo tumerithi kwa Descartes.

DADA: Kwa hiyo wa kumlaumu tumempata. Haya tuchore sasa.

TICHA: Tuchore 2x + 3y = 12. Kuna watu wakiiona hii wanakimbilia kuigeuza kwanza iwe y = kitu fulani, wanaishia kwenye sehemu, theluthi, wanachoka kabla ya kuchora. Haina haja. Weka x = 0.

DADA: 3y = 12, y ni 4. Nukta (0, 4), iko kwenye mhimili wa y, ule uliosimama.

TICHA: Sasa y = 0.

DADA: 2x = 12, x ni 6. Nukta (6, 0), hiyo iko kwenye mhimili wa x, ule uliolala. Rula, mstari, tumemaliza?

TICHA: Bado, weka ya tatu. x = 3.

DADA: 6 + 3y = 12, 3y ni 6, y ni 2. (3, 2). Ila ticha, nukta mbili si zinatosha kuchora mstari?

TICHA: Zinatosha, na hapo ndo hatari ilipo, maana nukta mbili hata zikiwa zimekosewa zote mbili bado zitakupa mstari mzuri tu umenyooka, hutashtuka. Ya tatu ni shahidi. Isipokaa kwenye mstari, kuna mahali umeteleza, rudi ukakague.

DADA: Na mara nyingi kuteleza kwenyewe ni kugeuza x na y. Mtu anaambiwa (3, 2) anapanda tatu halafu anaenda kulia mbili.

TICHA: Kulia kwanza, au kushoto kama ni hasi, ndo upande au ushuke. Kosa lingine ni kukata mstari. Mtu anaanzia (0, 4) anaishia (6, 0) kama vile mlinganyo umekufa pale. Pitiliza bwana, pande zote mbili, weka mishale. x = 9 nayo ina haki yake.

DADA: x = 9... 18 + 3y = 12, y ni hasi 2. Eeh, upo huko chini.

TICHA: Na nikuongezee kitu kidogo. Chukua nukta ambayo haiko kwenye mstari, mfano (4, 3), weka kwenye upande wa kushoto wa mlinganyo: 8 + 9, 17. Imezidi 12. Kila nukta iliyo upande wa juu wa mstari huu itazidi 12, kila iliyo upande wa chini itapungua. Mstari ndo mpaka wenyewe.

DADA: Hiyo sikuwahi kuiona hivyo! Sasa hii njia ya kuweka sifuri sifuri inafanya kazi siku zote?

TICHA: Karibu zote. Chukua 3x − 2y = 0. x ikiwa 0, y ni 0. y ikiwa 0, x ni 0. Umepata nukta moja mara mbili, mstari unapita kwenye makutano ya mihimili. Hapo tafuta nyingine, weka x = 2 upate y = 3, maisha yaendelee.

DADA: Haya, na wale waliopewa y = mx + c mkononi?

TICHA: Wamerahisishiwa. c inakwambia pa kuanzia kwenye mhimili wa y, m inakwambia mteremko, yaani kila ukienda kulia moja unapanda ngapi, na ikiwa hasi unashuka ngapi. Marekani wanaandika b badala ya c, usibabaike ukikuta video ya kwao. Sasa m ikiwa sehemu, tuseme y = ¾x − 2, usianze kuhangaika na x = 1. Anza kwenye hasi 2, nenda kulia nne, panda tatu, umefika (4, 1). Tena nne, tatu, (8, 4). Kama kupanda ngazi, kila kipawa kipana nne, kirefu tatu.

DADA: Na kwenye jedwali basi nachagua x zinazogawanyika kwa nne, nikwepe madesimali.

TICHA: We chagua zinazokufaa, x ni yako. Ila sasa sikia hapa kwenye skeli, maana panaumiza watu. Unaruhusiwa kuweka kijumba kimoja kiwe 1 kwenye mhimili wa x na kijumba kimoja kiwe 5 kwenye mhimili wa y, hakuna shida, ili mradi kila mhimili usibadilishe mwendo njiani. Ila ukishafanya hivyo mstari utaonekana umelala kuliko ulivyo, na mtu akihesabu vijumba apate mteremko, anakosa. Unasoma namba za kwenye mihimili, vijumba achana navyo.

DADA: Kwa hiyo mstari uleule unaweza kuonekana mkali kwenye karatasi yangu na mpole kwenye yako, na m ni ileile.

TICHA: Ileile. Ndo maana mi grafu isiyo na namba kwenye mihimili siisahihishi, naweka mkasi.

DADA: Ukatili huo. Haya, la mwisho, x = 3. Haina y. Nachora nini?

TICHA: Haina y maana yake y haijawekewa sharti lolote. Taja y yoyote.

DADA: Mia.

TICHA: (3, 100) inakubali. Hasi saba?

DADA: (3, −7) inakubali pia. Aah, kwa hiyo mstari unasimama wima, hapo hapo kwenye 3.

TICHA: Na watu wanaulaza, kwa sababu wameona x wakafikiri unafuata mhimili wa x. Unaolala ni y = 3. Mteremko wa huo uliolala ni sifuri, wa ule uliosimama haupo kabisa, maana ungetakiwa kugawanya kwa sifuri, hujaenda kulia hata kidogo.

DADA: Basi wasikilizaji chukueni 5x − 2y = 10, nukta tatu, skeli, mishale pande zote. Mkipata (4, 5) kwenye mstari mko salama, msipoipata rudini kwenye jedwali.

TICHA: Na muandike namba kwenye mihimili!

DADA: Wamesikia, ticha.