Ombeni Orodha ya Waliofunga

Ndugu zangu wa Mtwara, nanyi mliotoka Lindi, jambo hili nimelisema mara nyingi hata wengine mnaweza kunimalizia: mtu akitaka kukuuzia haki ya kufungua tawi kwa jina la kampuni yake, mwombe kwanza orodha ya waliofunga matawi yao. Orodha ya wanaoendelea ataitoa bila kuombwa, na atakupeleka mwenyewe kwa anayefanya vizuri kuliko wote. Nchini Marekani muuzaji hulazimika kumpa mnunuzi waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla ya kutiwa saini au kulipwa fedha yoyote, na humo mna majina ya waliotoka katika mwaka uliopita na namna ya kuwapata. Hapa kwetu hakuna sheria mahususi ya mikataba hii, kwa hiyo kitakachomlazimisha ni ukaidi wenu tu.

Najua mtanijibu kwamba aliyeshindwa husema kwa kinyongo. Mmoja, huenda. Lakini watu watatu wa miji tofauti, wasiojuana, wakikutajia gharama ileile iliyowamaliza, hicho nacho ni kinyongo? Na muuzaji akidai kwamba orodha hiyo ni siri, huku akikuhimiza ulipe kabla ya Ijumaa kwa kuwa yupo mwingine anayeitaka Mtwara, mwachie huyo mwingine ainunue.

Yatazameni pia makadirio ya mauzo. Karatasi iliyoandaliwa kwa hesabu za Dar es Salaam huonyesha miezi 12 inayofanana, ilhali sisi tunajua kwamba fedha huchangamka minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida Oktoba, kisha hupungua. Mrabaha, yaani ada unayoendelea kumlipa mwenye jina, kwa kawaida hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, hivyo utaulipa hata katika mwezi wa hasara. Na mkataba ukikubana ununue bidhaa kwao pekee, linganisha bei zao na za soko, kisha uulize ni nani atakayebeba hasara barabara ikikatika, kama ilivyokatika Somanga Mei 2024.

Mwenyekiti anatazama saa, basi yaliyobaki nayataja tu: hakikisheni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwamba alama ya biashara imesajiliwa kwa jina la huyo anayeiuza, mipaka ya eneo lako iandikwe, na masharti ya kuvunja mkataba yasomwe na wakili unayemlipa wewe, si yule aliyekuja na muuzaji katika gari moja.