Kufunga Sensa ya Presha ya Oili Bila Kuharibu Nyuzi za Bloku (Probox, injini ya 1NZ)

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena gerejini kwetu Changamwe. Leo tuna Probox, injini yake 1NZ, na kazi ni sensa ya presha ya oili. Mwenye gari anasema taa nyekundu, ile yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone, humwakia akiwa kwenye foleni ya feri Likoni. Akikanyaga mafuta kidogo, inazima. Kila aliyemuuliza amemwambia, "Hiyo ni sensa tu, badilisha." Huenda ni kweli. Lakini taa hii hatuibahatishii.

Oili ikikosa presha, beringi za kranki, ule mhimili mkuu wa injini, zinasuguana na chuma, na injini inaweza kufa kwa dakika chache. Kwa hiyo ikikuwakia ukiwa njiani, hata uwe juu ya daraja la Nyali na nyuma matatu zinapiga honi, tafuta pembeni, simama, zima. Usiseme "wacha nifike tu Kongowea". Zima kwanza.

Haya. Kabla ya spana yoyote, vuta kijiti cha kupimia oili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache oili ishuke. Hii yetu iko sawa, baina ya alama mbili. Kama yako iko chini, ongeza oili, halafu tafuta inakopotelea. Sensa iache.

La pili ni geji, yaani kipimo cha presha. Jana tuliitoa hii sensa, tukafunga geji ya mkono kwenye tundu lilelile, tukaacha injini ipate moto sawasawa, tukapima bila resi, tukapima kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha sensa tukairudisha. Presha ikalingana na kitabu cha gari. Hapo ndipo nikakubali kwamba mgonjwa ni sensa. Ingekuwa presha iko chini, leo mngeniona nikifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuangalia pampu na beringi. Kufunga sensa mpya kwenye injini isiyo na presha ni kumtuliza dereva huku injini inaangamia. Tafadhali, kama huna geji, mtafute fundi aliye nayo. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoiamini kuliko zote.

Mbona taa inawaka foleni tu? Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na gari likisimama pampu inazunguka polepole, kwa hiyo presha hushuka. Ndani ya sensa mna kiwambo, yaani utando mwembamba, na springi. Presha ikiwa haipo, springi inagusanisha umeme na taa inawaka. Presha ikija, inasukuma kiwambo, umeme unakatika, taa inazima. Nyingi hubadilika karibu na psi 5 hivi. Sensa iliyochoka inabadilika mapema kuliko inavyotakiwa, na joto letu hili la Mombasa na foleni ya feri vinaifichua.

Vifaa: soketi ndefu ya 24, racheti, tambara safi, gundi ya nyuzi (nyuzi ni ile mikato ya kuzungushia kama ya bolti), beseni dogo. Injini iwe imepoa, oili ya moto inaunguza. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Handibreki, mawe nyuma ya magurudumu, jeki, kisha stendi. Stendi, jamani! Jeki ni ya kuinulia. Ya kulalia chini yake ni stendi, iliyokaa juu ya zege, si juu ya mchanga.

Twende chini. Kijana, leta taa. Sensa hii hapa, kwenye bloku, mwili wa injini, upande wa filta ya oili. Bana kikufuli cha plagi, vuta plagi yenyewe, usivute waya...

Ngoja. Ngoja, kamera isogee hapa. Mnaona ndani ya plagi? Kuna oili, na hicho cha kijani pembeni ni kutu ya shaba. Oili imepenya kwenye kiwambo ikatokea juu kwenye plagi. Huu ni ushahidi mwingine kwamba sensa imekufa. Kijani kile nacho tunakijua sisi watu wa pwani, ni hewa ya chumvi. Hii sikuipanga, lakini lazima isafishwe, la sivyo sensa mpya itasingiziwa kosa la plagi. Dawa ya kusafishia umeme, brashi ndogo laini, kausha. Tazama kipini cha ndani kama kimeshika. Sawa, kimeshika.

Kutoa ni rahisi: soketi iingie yote, ikae wima, fungua kinyume cha saa. Oili kidogo itadondoka kwenye beseni. Futa pembezoni mwa tundu, ukifutia nje. Uchafu usiingie, mle ndimo inamopita oili ya injini nzima.

Sasa sensa mpya. Mwenye gari amekuja na yake, ameinunua mjini. Nipe ile kuukuu nizilinganishe... La! Sogeza kamera, sogeza. Tazameni vizuri. Nazilaza ubavu kwa ubavu, nyuzi za hii ziingie katika nyuzi za ile. Huku mwanzo zinalala pamoja. Huku mwisho mwanga unapita katikati. Hazilingani.

Magari ya Japani kama hili hutumia nyuzi za mtindo wa Kiingereza, inchi moja ya nane, nyuzi 28 kwa inchi. Hii mpya ni ya mtindo wa Kimarekani, nyuzi 27 kwa inchi. Tofauti ni uzi mmoja tu, kwa hiyo itaingia mizunguko ya mwanzo vizuri kabisa, kisha itakaza. Fundi asiyejua anasema "ni mpya, ina ugumu," anaongeza mkono wa spana. Bloku ya 1NZ ni aluminiamu. Nyuzi zinakufa, au bloku inapasuka. Magari ya namna hiyo yameletwa hapa yakivuja oili palepale kwenye tundu, na wenyewe wamelia, kwa sababu sensa ni kitu cha bei ndogo na bloku si cha bei ndogo.

Kwa hiyo hii inarudi dukani. Nachukua nyingine kwenye kabati letu, tunaziuza hapahapa, na kila inayotoka hulinganishwa hivi mbele ya mteja. Hii hapa. Inalala kwenye kuukuu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna mwanga. Safi.

Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba. Sensa hii ina waya mmoja, na umeme wake unarudi kupitia nyuzi zake kwenda kwenye bloku. Tepu inaweza kuzuia mgusano huo, na taa isiwake hata siku presha itakapokosekana kweli. Tena vipande vyake vikikatika vinaweza kuingia kwenye njia ya oili. Toyota wanataka gundi ya nyuzi, kidogo, kwenye nyuzi mbili au tatu tu. Ncha iache kavu. Hivi, mnaona? Gundi haijafika kwenye tundu la ncha ya sensa.

Na sasa nawaomba msikilize. Anza kwa vidole. Racheti iweke chini kabisa, mbali na mkono wako. Izungushe kwanza kinyume cha saa taratibu hadi usikie kama inadondoka kidogo, tk, hapo nyuzi zimekutana. Sasa geuza kwenda mbele. Vidole. Ikigoma, toa, anza upya. Ikigoma tena, toa tena. Usiisaidie kwa spana. Nyuzi hizi ni za mteremko, nyembamba nchani na nene juu, kadiri unavyokaza ndivyo inavyopanua tundu, kwa hiyo haifiki mwisho ikagonga kama bolti. Ukingoja igonge utapasua bloku.

Yangu imeingia kwa vidole mizunguko kadhaa. Ndiyo sasa soketi. Kwa injini hii nguvu ya kukaza ni Nm 15, na spana yangu ya kupimia iko hapa. Tk. Basi. Usiongeze "ya kuhakikisha". Nimeona mkono wa kijana wangu unataka kuongeza. Mwache!

Rudisha plagi, sikia inavyofunga. Betri usiirudishe bado, wala usiwashe gari. Gundi inataka saa moja kabla injini haijapigwa. Sisi tutakunywa kahawa chungu na tutarudi.

Haya, saa imepita. Betri imerudi. Fungua swichi bila kupiga stata: taa lazima iwake. Imewaka. Ingekuwa haijawaka, hatupigi stata, tunafuata waya au balbu. Piga. Moja, mbili, imezima. Ikikaa zaidi ya sekunde chache inawaka, zima injini.

Kijana, taa chini. Pakavu. Subiri ipate moto... bado pakavu. Nimepangusa kwa tambara jeupe, halina kitu. Kama gari lako ni la sensa ya waya tatu au lina geji ya mshale, usipime kwa njia hii ya kutazama taa, soma kitabu chake.

Sasa tunalishusha gari, mwenyewe analipeleka Likoni kwenye foleni yenyewe, na jioni ataniambia. Kesho asubuhi, kabla hajawasha, atazame chini ya gari kwa tochi na avute kijiti cha oili. Sensa kuukuu tunaiweka kwenye mfuko na kumrudishia, akienda dukani siku nyingine ailinganishe kama tulivyofanya.