Kesi ya nyani, hakimu ngedere? Mhadhara juu ya Jaji Constance Baker Motley

Nimeombwa nizungumzie kazi ya Jaji Motley wa Marekani kwa dakika ishirini. Wanaonijua wanajua nitang'ang'ania wapi, kwa hiyo nianzie huko huko.

New York, mwaka 1975. Mwanasheria mwanamke ameishtaki kampuni kubwa ya mawakili, Sullivan & Cromwell, akidai inabagua wanawake katika ajira. Kesi inaangukia kwa Motley. Kampuni inamtaka ajitoe. Sababu? Ni mwanamke, na kabla ya ujaji alikuwa wakili wa haki za raia. Yaani kesi ya nyani, hakimu ngedere!

Motley akakataa. Alisema kila jaji ana jinsia, ana rangi, na ana alikotoka. Kama hayo peke yake yanamwondoa mtu, hakuna jaji wa mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo. Tulieni hapo kidogo. Wanaodaiwa kupendelea wanaume hawakuwa na wasiwasi wowote wa kuhukumiwa na mwanaume. Ngedere ni yule tu asiyefanana nao?

Namwona wakili mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Najua utakalosema: haki isitendeke tu, ionekane imetendeka. Sawa. Jaji mwenye hisa kwenye kampuni inayoshtakiwa ajitoe. Mwenye shemeji kwenye kesi ajitoe, tena mbio. Lakini jinsia si hisa, na kuwahi kutetea wanyonge si undugu. Waendesha mashtaka wangapi wamepanda kuwa majaji, wakasikiliza kesi za jinai miaka na miaka? Nani aliwaambia wana upande?

Na mkisikia mahakama ya Motley inaitwa mahakama ya wilaya ya shirikisho, msifikirie ile ya wilaya ya kwetu. Jaji wa pale huteuliwa na Rais, Seneti ikamthibitisha, akakaa maisha. Lyndon Johnson alimteua Motley mwaka 1966, mwanamke mweusi wa kwanza kufikia ujaji wa shirikisho. Seneta James Eastland, mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayopitia majina ya majaji, akalikalia jina lake, ikapita miezi saba. Eastland wa wapi? Wa Mississippi! Jimbo lile lile ambalo Motley alilibwaga mahakamani hadi James Meredith, kijana mweusi, akaingia chuo kikuu cha jimbo hilo mwaka 1962. Sasa hapo ngedere nani?

Nimebakiza dakika ngapi? Mbili? Haya. Akiwa wakili alisimama Mahakama ya Juu mara kumi, akashinda tisa. Mwaka 1978 aliamua kwamba waandishi wa habari wanawake wasifungiwe nje ya chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, wakati wenzao wanaume wanaingia; wachezaji wajifunge taulo, zipo. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama hiyo. Amefariki 2005. Habari za bosi wake wa enzi za uwakili, Thurgood Marshall, yule aliyewasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, mwaka 1960, niulizeni kwenye maswali.

Wewe wa nyuma, anza.